Mvua ya Daftarini

Mahindi ya wanawake kumi na mmoja wa Kebirigo yalifia udongoni mwezi Machi mwaka 1996, na aliyeyaua alikuwa msichana wa darasa la sita asiyetaka kulowesha viatu.

Edinah ndiye aliyekuwa mpima mvua wa shule. Majira yalikuwa yamekuwa kigeugeu: mvua hunyesha juma moja, watu wakapanda, nayo ikatoweka. Kwa hiyo kikundi cha wanawake, akiwemo nyanya yake Nyangate, kilikubaliana na Mwalimu Alfayo kwamba hakuna kupanda kabla ya kipimo cha shule kufikisha jumla ya milimita sitini. Edinah alitakiwa kwenda kila asubuhi nyuma ya shamba la majani chai la shule, asome chupa ya kupimia mvua na kuandika daftarini. Lakini nyasi zilikuwa na umande, na viatu vilikuwa vipya. Manyunyu yakidondoka kidogo, yeye huketi darasani akaandika kumi, au kumi na tano, kama mlafi anayejipakulia ugali.

Sitini zilipotimia daftarini, Nyangate alichimba kwa jembe shimo la shubiri moja akatoa vumbi. Akawaambia wenzake kuwa udongo haujakubali. Edinah akabetua midomo.

"Nyanya, jembe lako halijasoma. Hii ni sayansi."

Wakapanda. Jua likawaka siku kumi na nane, na miche ikakauka ikiwa na urefu wa kidole. Mwalimu Alfayo alikwenda kuangalia chupa. Buibui alikuwa amefuma utando mdomoni mwa chupa, mzima, haujaguswa. Edinah akakiri yote mbele ya wanawake.

Nyangate alimtazama miguuni. "Mvua yako ni ya ajabu, mjukuu wangu. Haikulowesha hata viatu."

Tangu hapo wanafunzi wakamwita Mama Mawingu, na hakuna aliyemwonea huruma. Aprili alikwenda kwenye chupa pekupeku kila alfajiri. Sitini za kweli zilipofika, jembe la Nyangate lilitoka na tope. Wakapanda wimbi, nafaka isiyotaka maji mengi.

"Majira yamebadilika, na hatuwezi kuyarudisha," Mwalimu Alfayo alimwambia Edinah. "Tulilobaki nalo ni kujua ukweli wa mvua. Ukitudanganya hapo, umetufumba macho."

Wimbi lilikubali. Mahindi hayakurudi: zilipotea gorogoro ishirini na mbili za mbegu, kila moja kopo la kilo mbili, na siku sita za kuinama na jembe, na nyumba kumi na moja zikalalia uji mpaka Agosti.