Maji Katika Tangi la Tajiri

Haya hayakunipata mimi. Yalitokea kwenye gereji ya mjomba wangu, mchana kweupe, nami nilikuwepo nikimsaidia mama mdogo kuwagawia mafundi chai. Jirani mmoja, tuliyemwita Tajiri kwa utani kwa ajili ya kale kagari kake kamoja kakuukuu, aliliingiza gari lake likisukumwa. Lilikuwa linazimika ovyo njiani. Mjomba alifungua kifuniko cha tangi, akanusa, akasema petroli imeingia maji.

Lazima nieleze. Marehemu mume wa mama mdogo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Tangi la petroli halichomelewi hivi hivi. Huoshwa kwanza, likajazwa maji, mvuke wote utoke. Tangi la kwanza la gari hilihili lilipotoboka, Tajiri alilileta mwenyewe akiapa ameshaliosha. Baba mdogo alimwamini, akawasha moto. Tulimzika bila kumfunua uso. Halafu Tajiri akazunguka mtaa mzima akisema alimwonya fundi, fundi akaleta ubishi. Tangu siku hiyo mama mdogo akawa mke wa yule mzembe aliyejilipua. Nilimchukia yule mtu, na mpaka leo namchukia.

Mjomba aliingia chini ya gari, akafungua nati ya kumwagia. Maji yakatoka, safi, baridi. Beseni likajaa. Tukaleta pipa, nalo likajaa.

"Tangi hili haliwezi kubeba maji yote haya," mjomba alinong'ona. Akaligonga kwa kifundo cha kidole. Lililia tupu. Na maji yaliendelea kutoka.

"Litoe hilo, weka jipya," Tajiri alisema. Sauti ilikuwa imemkauka.

Mjomba alifungua mikanda, akalishusha tangi, akamulika ndani kwa tochi. Palikuwa na kutu kavu, na vumbi lake likampigisha chafya. Alifunga tangi jipya la dukani, akabadilisha na mpira wa mafuta na chujio. Tajiri akamimina petroli kwa mkono wake mwenyewe, harufu yake tukaisikia sote.

Akaketi kwenye usukani. Akawasha. Gari likakohoa.

Naye akakohoa.

Maji yalimtoka mdomoni. Kidogo. Kisha mengi. Shati likalowa. Jua lilikuwa kali na uwanja wote mkavu. Mjomba alivuta mlango. Haukufunguka. Mama mdogo akaweka sinia chini, akaenda dirishani bila haraka.

"Sema," alimnong'oneza.

Tajiri alitikisa kichwa. Maji yakamtoka puani.

"Dada, nisaidie."

"Sema, watu wasikie."

"Sikuliosha." Alitapika maji, akavuta pumzi. "Nilikuwa na haraka zangu. Nilimdanganya."

Mafundi wote walisikia. Njia ya mwongo fupi, alisema mmoja wao, lakini kwa sauti ya chini sana. Mama mdogo aligeukia nyuma ya gari, lilipo tangi, akasema kwa upole, "Baba watoto, amesema. Inatosha."

Haikutosha. Maji hayakukoma mpaka macho ya Tajiri yalipotulia. Ndipo mlango ukafunguka wenyewe.

Daktari alisema mtu huyu amezama. Tukamuuliza amezama wapi, akafunga mkoba wake. Siwezi kudanganya kwamba nililia.

Jioni mjomba alilishusha tangi jipya. Ndani hapakuwa na tone, la maji wala la petroli. Hata hivyo aliliosha, akalijaza maji, akayamwaga, ndipo akalikata kwa msumeno wa mkono. Upande wa ndani kabisa, mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, palikuwa na mshono wa kuchomelea, mrefu, umenyooka. Mama mdogo alisema anaujua mkono ulioupitisha. Akauwekea kiganja.

Akakitoa haraka, akakipuliza. Ulikuwa bado wa moto.