Kopo la Mafuta Kutoka Mbulu

Laurencia hakuwa na mama. Hakuwa na kaka wala dada, hakuwa na koti la kumkinga na baridi ya Karatu, na jioni hakuwa na nafasi ya kucheza na wenzake. Alikuwa na baba tu, Tluway, fundi seremala. Kila asubuhi alimpikia uji kabla ya kwenda shule.

Mwezi wa sita Tluway alianza kubanwa kifua kila alipobeba mbao. Daktari Radhia alimpa dawa, akamkataza nyama ya mafuta na mafuta ya wanyama.

"Kunde tena?" Tluway alilalamika. "Mwanangu, kesho utanisikia nalia kama mbuzi!"

Laurencia alicheka, lakini alimwona anakonda, akaogopa. Wiki hiyo bibi yake, Martha, mama yake Tluway, alituma kopo la mafuta ya mkia wa kondoo kutoka Mbulu. Kwao mgonjwa hupewa mafuta hayo apate nguvu. Basi kila asubuhi Laurencia aliyayeyusha vijiko vitatu, akavikoroga katika uji. Hakumwambia mtu. Baba alisifu uji, akaomba kikombe cha pili.

Wiki ya tano Tluway alianguka karakanani, jasho likimtiririka. Majirani walimkimbiza hospitali.

Kesho yake Daktari Radhia alisoma majibu ya damu, akakunja uso. "Kolesteroli imepanda. Mzee, unakula nini?"

"Ugali na kunde," Tluway alijibu kwa sauti dhaifu. "Muulize binti yangu, ndiye mpishi."

Laurencia alitazama sakafu.

"Kama ni hivyo, dawa haifai. Nitaibadilisha," alisema daktari, akachukua kalamu.

"Usiandike, Daktari!" Laurencia aliangua kilio. "Ni mimi. Namtilia mafuta ya kondoo kwenye uji."

Tluway alifumba macho. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mafuta ya namna hiyo, yanayoganda yakipoa, hulifanya ini lishindwe kuondoa kolesteroli ya kutosha kwenye damu," alieleza. "Inayobaki hupenya katika kuta za mishipa na kujikusanya. Njia ya damu huwa nyembamba, moyo ukakosa damu."

"Kwa hiyo nimemuua baba?"

"Hapana. Mishipa hiyo imeziba kidogo kidogo kwa miaka mingi. Wewe ulikuwa unaongeza. Sasa ataendelea na dawa ileile, na uji uwe uji."

Siku nne baadaye Tluway aliweza kutembea hadi mlangoni mwa wodi. Alikuwa na wasiwasi mwingine. "Mama atatuma kopo la pili. Tulipokee, tulimwage kimya kimya. Nikilikataa ataona namdharau."

"Mzee, kuficha ndiko kulikokulaza hapa," Daktari Radhia alimwambia. Kisha akamgeukia Laurencia. "Kumpenda mgonjwa ni vizuri, lakini uliza kwanza. Na usimfiche daktari, maana atatibu ugonjwa asioujua."

Tluway alirudi kuketi kitandani. "Mwandikie bibi yako," alisema hatimaye.

Laurencia aliandika: "Shikamoo Bibi. Baba anaendelea vizuri. Mafuta yako nilimpa kwa siri, na daktari alikuwa amemkataza. Kosa ni langu, si lako. Tafadhali usitume mengine. Tutumie maharage, na uje umwone."

Alimsomea baba yake. Tluway aliitikia kwa kichwa. Laurencia akakunja karatasi, akalamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika, kisha akaenda stendi kumkabidhi kondakta wa basi la Mbulu.