Usibonyeze, Mpenzi

Walikutana ukumbi wa benki, mwisho wa mwezi, watu wamefurika na kelele zao hata feni haisikiki. Msusi alikuwa ndani ya gauni la njano, kidole ki juu ya simu, tayari kubonyeza barua pepe, mara kijana wa benki mwenye tai nyekundu akamwahi.

"Samahani dada, usibonyeze. Hiyo barua pepe si yetu."

"Si nembo yenu hii?"

"Nembo mtu yeyote anainakili. Tazama anwani iliyoituma, ya kwetu hiyo? Halafu wanakutisha akaunti inafungwa leo, wanataka namba ya siri. Benki haikuulizi hiyo, hata kwa simu. Ukishtushwa, kata, njoo mwenyewe."

Msusi akaondoa kidole. Mungu wangu, uongo unaweza kupendeza hivi! Akiba yake yote ya kufungulia saluni ingeyeyuka. Akamtazama huyo Tai vizuri, na mapenzi yakaanzia hapo, na simu za "umekula, laazizi?" zisizokwisha.

Miezi ikapita. Mchana mmoja anamsuka mteja, simu ikalia. Namba ngeni, sauti imekwaruza.

"Mpenzi, ni mimi, niko benki. Kuna barua pepe mpya..."

"Mshindwe! Mnaiga hadi sauti ya mpenzi wangu?"

Akakata. Akampigia Tai, hapatikani. Moyo ukampasuka. Nani mwingine anajua benki yake na akiba yake? Kumbe tapeli ni Tai mwenyewe! Akatoka mbio kwenda benki na aproni yake, mteja nyuma, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

Tai akawapokea ukumbini akipiga chafya.

"Ofisini kwetu simu zetu tunazizima, tunaziacha mlangoni, nikatumia ya kazini. Na mafua haya! Hukubonyeza?"

"Ulisema nije mwenyewe."

Tai akapangusa pua. "Tangu asubuhi tunapigia wateja. Hata bosi wangu kabonyeza! Wewe umenikatia hadi mimi?" Macho yakamlowa. Hajapata kumwona mwanamke wa namna hii. "Naomba nikuulize kitu."

"Namba ya siri sitoi."

"Utakubali nikuoe?"

Ukumbi ukanyamaza, feni ikasikika.

"Mbona haraka haraka? Nishtuke?"

"Jipe muda wote unaotaka. Nipo."

"Jamani, kubali!" mteja akalia. "Kichwa changu!"

Msusi akaishika ile tai, akamvuta karibu, akamkagua macho, kidevu, pua iliyowiva kwa mafua. Ni yeye kabisa.

"Nimekubali," akasema.