Maandishi ya Chini ya Filamu

Nyumbani wananiita Miwani. Jina hilo alinipa Bibi, mama yake Baba. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi cherehani wa hospitali, akishona mashuka na makoti ya madaktari, na macho yake yakachoka kabla ya mikono. Kitambaa anakiona, na shati analikata bila kupinda, lakini herufi ndogo zimemshinda. Kwa hiyo kila nilipotoka shule, nikishavua sare na kula, nilimsomea: maelezo ya dawa, ujumbe wa simu, hata barua ya mwalimu iliyonishtaki kwa kupiga domo darasani. Hiyo niliisoma harakaharaka.

Siku moja ujumbe mrefu ulitoka kwa Bibi Mdogo, yaani mdogo wake Bibi, muuguzi mstaafu anayeishi nchi za nje. Alikuwa na chumba kitupu, na karibu na kwake palikuwa na kituo kilichotafuta mtu wa kufundisha vijana kushona. Bibi akitaka, nafasi ilikuwa yake, ila ajibu kabla ya Jumamosi jioni. Mwishoni alimshauri aangalie filamu moja ya wastaafu walioanza maisha mapya ugenini, apate picha ya mambo yalivyo.

Nilinyong'onyea. Mama hufanya kazi za zamu na Baba hurudi jioni, hivyo aliyenilea tangu nikiwa mchanga ni Bibi. Akiondoka, nitabaki na nani?

Baba aliikodi filamu hiyo, na Alhamisi alasiri mimi na Bibi tukaketi sebuleni kuitazama. Wahusika walizungumza lugha tusiyoijua, na maandishi ya Kiswahili yalipita chini ya picha. Kazi ya kuyasoma ikawa yangu. Mwanzoni nilisoma sawasawa. Ndipo mwalimu mmoja mstaafu, aliyefungua duka la mikate ugenini pamoja na mkewe, akasema kwamba sasa amepata sababu ya kuamka mapema. Mimi nikasoma, "Usingizi umenipaa. Tungejua, tusingekuja."

"Mbona anacheka?" Bibi akauliza.

"Anacheka kwa uchungu, Bibi."

Basi nikaendelea kutunga. Wateja walipowasifu wazee wale, nilisema wanawasimanga. Bibi alikunja uso, hakuuliza tena. Filamu ilipoisha alisema kumbe ugenini ni kugumu kiasi hicho, na Baba alipoingia akamwomba ampigie Bibi Mdogo simu Jumamosi asubuhi, amwambie haji.

Nilidhani nitafurahi. Kesho yake nilipotoka shule nilimkuta Bibi mlangoni akimkabidhi mama mmoja jirani, naye fundi wa nguo, mkasi wake mkubwa, ule ambao hatukuruhusiwa kukatia hata karatasi. Jirani alikuwa akikataa, akisema mkasi huo bado una mwenyewe. Bibi akamwambia auchukue tu, maana yeye sasa kazi yake ni kukaa. Alilisema hilo bila kulalamika, na ndiyo maana liliniuma. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale mlangoni.

"Bibi, nilikudanganya," nikasema. "Yule mzee hakujuta. Mimi ndiye sikutaka uende."

Jirani aliurudisha mkasi mikononi mwa Bibi, akaaga upesi. Nilitamani Bibi anichape yaishe. Hakunichapa. Aliniambia niiweke filamu tena, nisome kila neno, liwe tamu liwe chungu.

Baba alitukuta katikati, akaketi bila kuvua viatu. Safari hii nilisoma yote. Nilisoma habari ya kuamka mapema. Nilisoma pia mahali nilipoparuka jana kwa sababu nilikuwa nashughulika kubuni maneno yangu: mke wa mwalimu alimwambia jirani yake kwamba kila Jumapili huwalilia wajukuu zake, kisha hunawa uso na kwenda kukanda unga. Bibi alisubiri mpaka nikamaliza.

"Kumbe ukweli nao ulikuwa na upande wako," akasema. "Ungenisomea hayo jana, ningejua kwamba nikienda nitalia."

Baba alipoelewa nilichofanya alitaka kunikaripia, lakini Bibi akainua mkono. Akasema watu husema majuto ni mjukuu. Yeye mjukuu anaye tayari, majuto hana haja nayo. Atakwenda kwa mwaka mmoja, kisha ataamua upya. Nililia mbele yao wote wawili, nikamwambia waziwazi kwamba sitaki aende.

"Hilo ndilo ulilopaswa kuniambia jana," akasema, akinivuta karibu. "Sikiliza, Miwani. Ukiwa na neno lako, liseme kwa kinywa chako, nami nitalisikia. Usilitie kinywani mwa mtu mwingine. Anayeona kwa niaba ya mwenzake hana ruhusa ya kumchagulia cha kuona."

Jumamosi asubuhi Baba alipiga simu ya kukubali. Wiki mbili baadaye fomu za safari zilifika, kurasa sita. Nilimsomea Bibi kila mstari, pamoja na ule uliouliza kama anaacha nyumbani mtu anayemtegemea. Alifikiri kidogo, kisha akaniambia niandike "Ndiyo".