Saa Mbili za Lima

"Safari ya saa tano!" Fathima alifoka simuni. "Si saba. Umenisikia, Urbain?"

Urbain alikanyaga mafuta. Golf GTI yake ikapita taa nyekundu ya Greyville, Durban.

"Lima kwenda São Paulo ni kilomita elfu tatu na mia nne na ushei," mkuu wake aliendelea. "Ndege haitui popote. Tiketi inaandika saa za kila mji, na São Paulo iko mbele kwa saa mbili. Hukulijua hilo?"

Alilijua. Ndiyo maana aliona aibu.

Agosti hiyo ya 2012, kokeini ilikuwa ikiingia Durban ndani ya maboksi ya nywele za Peru. Urbain, mpelelezi wa polisi ambaye mtaa mzima ulimjua kama fundi simu, alipewa simu ya Médiatrice, msusi wa South Beach aliyetoka kununua nywele Peru, abadilishe kioo. Akainakili tiketi yake kwa siri. Kuondoka Lima saa tatu asubuhi, kufika São Paulo saa kumi jioni.

Anselmo, wakala wa mizigo, ndiye aliyemnong'oneza kwamba safari ile ni ya saa tano tu. Saa mbili zilizozidi? Ati ndege ilitua porini kupakia mzigo.

Urbain akameza yote. Médiatrice akatiwa pingu.

"Maboksi ya Anselmo yako wapi?" Urbain aliuliza simuni.

"Ulimwamini, ukasaini yapite bila kukaguliwa. Yanaelekea Isipingo. Wahi!"

Hilux nyeupe ya Anselmo ilikwama kati ya taxi, karibu na stendi ya Isipingo. Urbain aliruka nje, Glock mkononi. Anselmo alifungua mlango akiwa na bastola. Urbain aliupiga teke mlango, ukambana mkono. Bastola ikaanguka.

Ndani ya maboksi, chini ya nywele, paketi arobaini za kokeini.

Anselmo alicheka. "Si wewe uliyeniruhusu?"

"Ni mimi," alisema Urbain, akamfunga pingu.

Selo ya polisi ilinuka dawa ya choo. Médiatrice alikaa sakafuni tangu jana.

"Maman, uko huru. Ni mimi nilichukua tiketi ndani ya simu yako."

"Weye? Fundi wetu?" Aliinuka sakafuni. "Mutoto ya Lubumbashi! Ukitoka Kinshasa kuja kwetu, saa haubadilishe?"

"Ninabadilisha, Maman."

"Ni nini basi?"

Urbain aliufungua mlango wa selo.

"Banitosha inje ya saloni na pingu, bateja bote banaangalia. Sasa utanirudisha palepale. Na utabaambia weye mwenyewe."

Redio ilikoroma kiunoni mwa Urbain; Fathima alikuwa akisikiliza. "Urbain, ukijitaja, kazi yako Durban imekwisha."

"Sharp, sawa," alijibu, akaizima.

Saluni ilikuwa imejaa. Vikaushio vilizimwa kimoja kimoja. Urbain alivua miwani yake ya Ray-Ban.

"Mimi si fundi tu. Ni mpelelezi. Maman huyu hana kosa lolote. Nilimsingizia mimi."

Mwanamke mwenye rola kichwani akaikumbatia simu yake ya BlackBerry.

"Eish! Na yangu? Ulitengeneza mwezi jana. Uliangalia nini?"

Wote wakamgeukia Urbain.

Alivaa miwani, akatoka kwa mwendo wa taratibu, macho yakiwa kwenye ncha za viatu. Nyuma yake, Médiatrice alikuwa ameshashika kitana.

"Fungeni mlango," alisema.