Cherehani na Pini za Mama

Kila siku akitoka shule, Cherehani alipitia kwenye duka la ushonaji la mama yake. Kazi zake alizijua kwa mpangilio. Alivua viatu mlangoni, akaokota pini sakafuni kwa kipande cha sumaku, akafagia nyuzi, kisha akajaza uzi kwenye bobini tatu: nyeusi, nyeupe na ya bluu. Yote hayo aliyafanya huku akiongea. Aliongea na mama, akaongea na wateja, na wateja wasipokuwepo aliongea na pasi.

Jina hilo hakulipata dukani. Alipewa na wenzake wa darasa la sita. "Huyu ni cherehani, ukimkanyaga kidogo tu, anaondoka!" alisema mmoja wao, na darasa zima likacheka. Yeye mwenyewe alicheka kuliko wote, maana alipenda sana kupendwa. Mtu akisema ana mafua, alisema, "Hata mimi!" Mtu akisema amefukuzwa na mbwa, alisema, "Hata mimi! Tena wangu alikuwa mkubwa." Hakuwa na nia mbaya. Aliona hivyo ndivyo watu wanavyokuwa karibu.

Rafiki yake mkubwa aliitwa Taratibu, kwa kuwa kila neno alilitafuta kwanza ndipo akalitoa. Walikaa dawati moja tangu darasa la tatu. Kisha Jumanne moja asubuhi, Cherehani alikuta nafasi ya pembeni yake iko wazi. Taratibu alikuwa amekaa nyuma, karibu na dirisha.

"Mwalimu amekuhamisha?" Cherehani aliuliza.

"Hapana. Nimeomba mwenyewe."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

Taratibu alifungua mdomo, akaanza kulitafuta neno lake. Kabla hajalipata, Cherehani alikwishalipata la kwake. "Ni ile kalamu yako niliyoipoteza, si ndiyo? Hata mimi nimewahi kupotezewa, najua inavyouma! Nitakuletea nyingine, tena yenye kifuniko."

Taratibu alifunga mdomo, akageukia dirisha.

Wiki ile Cherehani alijaribu kila alichokijua. Alipeleka kalamu yenye kifuniko. Alipeleka vichekesho vitano alivyovikariri njiani. Alimwandikia barua ya kurasa mbili kueleza jinsi alivyolia, alivyokosa usingizi, na alivyoshindwa kumaliza chakula chake. Taratibu aliipokea barua, akaisoma yote, akaikunja vizuri. "Asante," alisema. Basi.

Ijumaa jioni dada wa maktaba alikuja dukani kujaribu gauni lake. Alipanda juu ya kibao mbele ya kioo, na mama akapiga magoti kuuweka sawa upindo. Kama kawaida yake, alikuwa amebana pini nne midomoni, akizichomoa moja baada ya nyingine.

"Gauni lenyewe ni la harusi ya mdogo wangu," alisema dada wa maktaba. "Ila sijui kama nitakwenda."

"Mmh?" mama aliuliza kupitia kwenye pini.

"Tumegombana. Jambo dogo tu, fundi, ukisikia utacheka."

"Mm-mm."

Dada wa maktaba akaeleza jambo lenyewe, akaeleza na lililotangulia, akatulia, kisha akasema mwenyewe, "Nadhani nitampigia simu leo." Alipovaa nguo zake alishika mkono wa mama kwa mikono yake miwili. "Fundi, kuongea na wewe raha!"

Mlango ulipofungwa, Cherehani alisimama katikati ya duka na ufagio wake. "Mama! Hujasema neno hata moja!"

"Ningesemaje na pini mdomoni?"

"Sasa mbona amefurahi?"

Mama alimtazama kidogo, akarudi kwenye cherehani. Cherehani binti yake akasogea polepole kwenye meza ya pini.

"Acha hapo!" mama alisema bila kugeuka. "Hizo haziwekwi mdomoni na mtoto. Ukimeza moja, hiyo shughuli yake huiwezi."

Kesho yake asubuhi Taratibu alisimama mlangoni na sketi ya shule iliyofungwa kwenye gazeti. Cherehani alishtuka, bobini ikamponyoka, ikabingirika hadi mtaani.

"Shikamoo, mama," alisema Taratibu.

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Amesema… sketi yangu ishushwe upindo. Imekuwa fupi. Yeye haoni tena tundu la sindano."

Mama alikuwa katikati ya mshono. "Ivae, kisha upande kwenye kibao. Fundi mdogo, mwekee mwenzako pini. Tumia hizi za kwenye kijimto, na mdomo uwe mtupu."

Cherehani akafunga kijimto cha pini mkononi, akapiga magoti. Maneno yalimjaa kifuani kama maji kwenye ndoo iliyopita kipimo. Alitaka kusema kuhusu kalamu, barua na dawati. Akakumbuka mama na dada wa maktaba. Basi akabana midomo, akajifanya ameshikilia pini nne, mbili kila upande. Ukizungumza zinaanguka, alijiambia.

Alimaliza upande wa kushoto wote bila mtu kusema kitu. Hakuwa amewahi kukaa kimya muda mrefu hivyo akiwa macho.

"Kwa kawaida…" Taratibu alianza, akatulia. "Kwa kawaida mama ndiye hunishushia."

"Mmh," alisema Cherehani.

"Yuko hospitali. Wiki ya tatu sasa."

Pini halisi ikasimama kwenye kitambaa. Cherehani alikumbuka. Siku moja kabla Taratibu hajahama dawati, mbele ya darasa, alianza kusema, "Jumapili tulikwenda hospitali," naye akarukia: "Hata mimi! Mimi niliingiwa na punje ya hindi puani!" Akaigiza daktari, akaigiza punje, watoto wakacheka hadi kengele ikalia. Taratibu naye alitabasamu. Cherehani akadhani amefurahi.

Hata sasa, hadithi ya punje ile ilimpanda hadi kooni. Akabana midomo zaidi.

"Daktari anasema asiinuke kitandani mpaka mtoto azaliwe," Taratibu aliendelea. "Mimi nakaa kwa bibi. Usiku nyumba inakuwa kubwa. Naogopa, lakini bibi naye anaogopa, kwa hiyo simwambii. Nilitaka kukwambia wewe kwanza. Nilijaribu mara tatu."

Nyuma yao cherehani ya mama ilikuwa imenyamaza.

Cherehani aliinua uso. "Nisamehe," alisema. "Ulikuwa unaniambia habari ya mama yako, mimi nikaleta punje yangu."

Taratibu alimtazama, kisha kicheko kidogo kikamtoka pamoja na machozi. "Ya hindi."

"Ya hindi." Cherehani akamfuta shavu kwa ncha ya futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake. "Mama anaendeleaje leo?" Akauliza, akangoja. Taratibu alichukua muda wake kutafuta maneno, na safari hii aliyapata yote.

Alipokuwa anaondoka alisimama kizingitini. "Jumatatu niwekee nafasi yangu."

"Na dirisha je?"

"Dirisha haliulizi habari za mama."

Mama akaichukua sketi, akaitandaza mezani. "Upande wa kulia umeshuka kidogo, nitaurekebisha. Lakini kazi nyingine umeifanya vizuri." Akamvuta binti yake karibu. "Mteja akija hapa, futi naizungusha kwenye mwili wa nani?"

"Wa mteja."

"Nikijipima mimi je?"

"Nguo itakutosha wewe."

"Haya. Mtu akikuletea habari yake, nawe kila mara ukamjibu kwa yako, unajipima mwenyewe. Anaondoka kama alivyokuja. Mwache amalize, muulize, ndipo utajua kinachomtosha. Habari za kwako nazo zina saa zake, mwanangu. Usije ukanyamaza moja kwa moja, duka langu litapoa."

Cherehani alicheka. Kisha akakitazama kile kijimto kilichokuwa bado mkononi mwake. Kilikuwa na nafasi tele. "Mama, kumbe pini zina pa kukaa! Wewe unazibana mdomoni makusudi?"

Mama aliangalia pembeni kama mtu aliyefumaniwa. "Bibi fundi aliyenifundisha kazi ndiye aliyenizoesha. Alichoka na maneno yangu. Maana hata mimi, nilipokuwa na umri wako…" Akajisikia mwenyewe akisema "hata mimi", akafunika mdomo kwa mkono.

Cherehani alikuwa na la kusema. Alikuwa nalo hapo hapo, tayari, zuri sana. Akavuta kigoda, akakaa, akabana midomo.

"Mmh," alisema. "Endelea, mama."