Flaviana Alipopotea Guanajuato

“Damian, usikate. Ni mimi.”

Damian alikuwa chini kabisa ya ghorofa analoishi huko Rågsved, Stockholm, kwenye chumba cha kufulia, mikono imejaa mashuka mabichi. Namba ilikuwa ngeni, ya nchi asiyoijua, nusura asipokee. Sauti ile hakuwa ameisikia tangu siku walipogawana vyombo.

“Flaviana?”

“Nimepotea.”

“Si uko Meksiko na Roméo?”

“Nani kakwambia?”

Damian akaweka mashuka juu ya mashine.

“Haya, hilo tuliache. Niko Guanajuato. Simu yangu imebaki kwenye begi la Roméo, na Roméo sijui yuko wapi. Hii ni simu ya mama mmoja muuza mikate. Namba niliyo nayo kichwani ni yako tu.”

Namba hiyo walikuwa wameikariri pamoja walipofika Sweden kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, wakati wana simu moja na mtaa wowote ukigeuka unafanana na mwingine. Walioana, wakaishi, wakaachana. Namba Damian hakuibadilisha.

“Umemwacha wapi Roméo?”

“Nimemkimbia.”

Mlango ukafunguka. Aliingia Hajara, jirani yake Mganda wa ghorofa ya tatu, na kapu la nguo kiunoni.

“Damian, zamu yangu imefika.” Kisha akamtazama usoni. “Kuna msiba?”

“Ni Flaviana. Amepotea Meksiko.”

Hajara akatua kapu. “Basi unasimama hapa kufanya nini? Panda juu, fungua kompyuta, umtafutie njia. Mashuka niachie.”

Damian akapanda ngazi simu ikiwa sikioni. Kwake jua la jioni lilikuwa linaishia. Kule ndiyo kwanza asubuhi. Akafungua ramani.

“Niambie unaona nini.”

“Ngazi nyeupe, nyingi mno, zinapanda mpaka kwenye jengo refu la mawe. Vijana wamekaa na vitabu vyao.”

“Hicho ni chuo kikuu. Umefikaje huko?”

“Sijui. Nilishuka vichochoro, nikaingia barabara inayopita chini ya ardhi. Wanasema zamani ulikuwa mto. Giza, magari yananipita, nikatokea huku. Mji huu haueleweki, Damian. Nyumba zimepandana mlimani, nyekundu, bluu, za waridi. Wahispania waliujenga kwa fedha ya migodini. Jana nilikuwa nausifia. Leo naona umenimeza.”

“Tulia. Hoteli yenu inaitwaje?”

“Sijui. Kila kitu alipanga Roméo.”

“Ina dirisha linalotazama chemchemi ya mawe,” Damian akasema taratibu. “Na nyuma, kwa juu, linaonekana kuba jekundu la lile kanisa la njano.”

Alimsikia muuza mikate akisema kitu kwa Kihispania.

“Umejuaje?”

“Juzi uliweka picha. Umesimama dirishani na kikombe.”

“Jina lako halijawahi kutokea kwa wanaoangalia status yangu.”

“Nimezima ile alama ya kuonyesha nimetazama.”

“Kwa hiyo umeziona zote?”

Damian alikuwa ameziona zote. Flaviana kwenye ngazi za ule ukumbi mkubwa wa tamthilia, juu ya paa sanamu nyeusi za wanawake zimejipanga kama zinangoja kuitwa. Flaviana kwenye bustani, miti imekatwa kwa usawa kama kofia. Roméo kando yake, amemshika bega. Hiyo ya mwisho Damian aliitazama mara moja, halafu akaenda kukata vitunguu. Ni mpishi wa shule, vitunguu haviishi.

“Nimeona baadhi,” akasema. “Jengo la chuo liache nyuma yako. Shuka na ile njia ya mawe.”

“Mama wa mikate anakuja na mimi. Amefunga duka lake.”

“Mshukuru.”

“Nimemshukuru kwa Kiswahili. Amenijibu kwa Kihispania. Tumeelewana.”

Alicheka kidogo, na kicheko kile kikamchoma Damian mahali asipoweza kupapasa.

“Kwa nini umemkimbia, Flaviana? Amekukosea?”

“Hajanikosea. Hilo ndilo tatizo.” Alikuwa anatembea sasa, pumzi inamkatika. “Asubuhi alinipeleka kwenye kichochoro kimoja. Wanakiita kichochoro cha busu. Chembamba, vibaraza viwili vinakaribia kugusana kule juu. Wanasimulia kwamba binti wa tajiri alikaa upande mmoja, kijana wa mgodini akapanga chumba upande wa pili ili wawe karibu. Baba alipowafuma akamchoma binti kisu. Kijana akabaki ameushika mkono wake tu, hana la kufanya.”

Damian aliifuata njia kwenye ramani kwa kidole.

“Wapendanao wakibusiana kwenye ngazi ya tatu wanapata bahati miaka saba. Tukapanga foleni. Zamu yetu ilipofika Roméo akapiga goti, ana pete. Watu wakapiga makofi, wengine wakatoa simu. Nikatazama kile kibaraza, nikashindwa kupumua. Nikakimbia.”

“Maskini Roméo.”

“Ndiyo. Maskini Roméo.”

Damian alisikia kengele ya kanisa ikigonga, mbwa, muziki wa gitaa ukipita.

“Damian.”

“Naam.”

“Kabla sijafika naomba unijibu kitu kimoja. Nimwambie nini?”

Mdomo wake ukafunguka. Maneno yalikuwepo, yote, yamejipanga kooni. Alitaka kusema usimwambie kitu, rudi nyumbani, mimi bado niko hapa. Hayakutoka. Ndivyo ilivyokuwa hata mwaka ule mtoto wao wa pekee alipozaliwa bila pumzi. Flaviana alilala kitandani akimwomba, sema lolote, Damian, nilaumu, lia, sema tu. Naye akasema chai iko tayari. Akaendelea kupika chai miezi na miezi, mpaka mke akafungasha.

“Damian, upo?”

“Pinda kushoto,” akasema. “Hapo penye wauza maua. Chemchemi utaiona.”

Nyayo za Flaviana zikapinda.

Halafu Damian akasikia mlango wa hoteli ukisukumwa kwa nguvu, na mwanamume akiita jina la Flaviana kwa sauti ya mtu aliyekuwa analia. Yakafuata makelele madogo, mama wa mikate akieleza kwa Kihispania, na sauti ya Roméo ikaja kwenye simu.

“Ni nani mwenzangu?”

“Damian.”

“Kaka, asante. Nimezunguka mji mzima. Mungu akubariki.”

“Yuko salama. Mpe maji anywe,” Damian akasema, na simu ikakatika.

Hajara alimkuta bado amekaa mbele ya ramani. Akaweka kapu la mashuka yaliyokunjwa vizuri.

“Amefika?”

“Amefika.”

“Umemwambia?”

“Nimemwambia njia.”

Hajara akamtazama sana. “Wewe mwanamume,” akasema kwa upole, “ukizama utaomba radhi kwa maji.” Akaondoka.

Usiku huo Damian alipiga ile namba ya Meksiko. Akapokea mama wa mikate. Damian akamweleza kila kitu kwa Kiswahili, kwamba anampenda Flaviana, kwamba hakuwahi kuacha. Yule mama akasikiliza mpaka mwisho, akajibu maneno marefu ya huruma ambayo Damian hakuelewa hata moja.

Flaviana aliporudi Stockholm aliandika: “Naomba tuonane. Nataka usikie kwangu, si kwa watu.”

Walikutana kwenye benchi la T-Centralen, kituo kikuu cha treni za chini ya ardhi, yeye ametoka kwake Hallonbergen kwa treni ya bluu, Damian kwa ya kijani. Damian hakumsubiri akae.

“Nakupenda,” akasema. “Siku ile nilitaka kusema usimjibu. Nilitaka kusema rudi.”

Flaviana akafumba macho. Treni moja ikaja, ikaondoka.

“Nilitembea polepole makusudi,” akasema. “Mpaka mlangoni nilikuwa nakusubiri.”

“Sasa nimesema.”

“Umesema. Na mimi nimeshamkubalia.”

Akaonyesha kidole chenye pete, si kwa majigambo, bali kama mtu anayeonyesha jeraha.

“Ile jioni nilimweleza kwa nini nilikimbia. Nilidhani atakasirika. Akaniuliza, mtoto wenu mlimwita nani? Damian, nilimpa jina mtoto wetu, na hujawahi kulitamka. Hata mara moja.”

Damian aliinamisha kichwa. Watu wa Stockholm walipita na mabegi yao, hawatazami, ndiyo adabu ya huku. Alijaribu mara ya kwanza, haikutoka. Alijaribu tena.

“Shalom,” akasema.

Flaviana akamshika mkono. Wakalia pale, kila mtu kimya chake, kama wazazi wanavyolia, mwaka wa tano baada ya mazishi. Treni ya bluu ilipoingia, akauachia ule mkono, akapanda. Damian hakuinuka. Hakukuwa na kitu cha kukimbilia.

Harusi ilikuwa mwezi wa sita. Damian alialikwa, na alikuwa ameshapiga pasi shati alipopata ujumbe asubuhi ile.

“Damian, leo nimeshindwa kwenda makaburini. Niende na gauni hili? Naomba uende wewe. Mwambie Shalom kwamba mama yake anaolewa. Asije akasikia kwa watu.”

Akajibu: “Nakwenda.”

Alibadilisha treni kituo cha Gullmarsplan, akashuka kwenye makaburi yaliyo katikati ya misonobari. Jiwe lilikuwa dogo, limezungukwa na majani mabichi. Hakuwahi kufika hapo peke yake. Alisimama kwa muda, akajiona mjinga, akageuka kama mtu anayetaka kuondoka.

Kisha akapiga magoti.

“Shalom, mwanangu. Ni baba yako,” akasema. “Mama yako anaolewa leo. Amempata mtu mwema, usiwe na wasiwasi. Mimi nilichelewa.”

Upepo ukapita juu ya misonobari. Akakaa chini na shati lake la harusi, akaendelea kumsimulia.